Umemeza Dawa?

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na mimi nimerudi kazini leo, na vyote viwili vimewashtua watu.

Niliingia karakana asubuhi, nikakung'uta tope, nikaenda moja kwa moja kwenye meza ndefu ya kukatia. Ile meza ni yangu. Hapo ndipo ninapotandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, nachora kwa chaki, nakata sare za shule: sketi, mashati, kaptura. Kidole gumba changu kimeota sugu pale mkasi unapokaa. Leo mkasi haukuwepo, na mezani amesimama mpwa wa Bosi, dada wa watu, ananiamkia huku anarudi nyuma.

Bosi akaja mbio na tabasamu la mtu anayemkaribia mbwa asiyemjua.

"Karibu, mama, karibu sana. Tumekuandalia kazi nyepesi."

Kazi nyepesi ni vifungo. Kiti pembeni, kopo la vifungo, sindano, na jirani yangu ni Redio. Tulimwita Redio kwa sababu habari haziishi kinywani mwake, na hana mahali pa kumzimia.

"Na mkasi wangu?"

"Taratibu, mama. Usijisumbue."

"Sijisumbui. Nauliza mkasi uko wapi."

Bosi akamtazama Redio, akanigeukia, akashusha sauti kama anayeulizia marehemu. "Samahani. Umemeza dawa leo?"

Nimemeza. Nimemeza asubuhi na chai, kama ninavyomeza kila siku tangu nitoke hospitali. Muuguzi wa kliniki aliniambia niwe naandika nimelalaje na moyo ukoje. Haya. Nimelala vizuri. Moyo unachemka.

Jumanne, 4 Machi

Vifungo. Mvua. Vifungo.

Alhamisi, 6 Machi

Acha niandike yaliyotokea, maana kila mtu ana simulizi lake na mimi mwenyewe ndiye sijaulizwa.

Wakati wa joto usingizi ulinihama. Sikuutafuta, kwa sababu sikuuhitaji. Nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuionja, na mawazo yalitoka mbio kama watoto waliofunguliwa mlango wa darasa, hili linamkanyaga lile. Nikaenda kwa mama mkwe akiwa hayupo, nikashusha mapazia yote ya sebuleni, nikayakata magauni ya wasichana wa mtaa mzima. Yalikuwa magauni mazuri, hilo nitalisema hata mbele ya hakimu. Mabega yalikaa sawasawa.

Baada ya hapo nakumbuka vipande vipande. Barabara. Honi. Kamba mikononi mwangu, na sauti ya shemeji, kaka wa mume wangu, ikisema, "Nimemshika miguu, nimemshika miguu." Kisha hospitali. Kisha upande wa pili wa ugonjwa, ambao hakuna anayeuzungumzia kwa sababu mtu aliyelala kitandani anatazama ukuta haharibu mapazia ya mtu. Kuchana nywele kulikuwa kama kusukuma gari lililokwama.

Daktari aliuita baipola. Alisema akili inapanda mno, halafu inashuka mno. Si uchawi, si uvivu, si tabia mbaya. Ni ugonjwa kama sukari au presha, hauondoki lakini unatulizwa. Nilimwelewa. Nilirudi nikawaeleza wakwe zangu kama nilivyoelezwa. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sisi kwetu hatuna huo," kana kwamba nimempitishia bidhaa mlangoni.

Alama ya kamba bado ipo kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Na mwanangu Kidoti, yuko darasa la kwanza, ana alama nyeusi shavuni ndiyo tukampa jina hilo, tangu siku ile yuko kwa bibi yake. "Mpaka mama yake atulie," wanasema. Hakuna aliyesema kutulia ni kufanya nini.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi nikakuta vitunguu vimeshakatwa. Viko kwenye bakuli, vimefunikwa sahani, vimeanza kunyauka. Nyanya pia.

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kujua chumvi inakaa wapi. Nikafungua droo: hakuna kisu. Nikamngoja.

"Nilitaka kukusaidia tu," akasema.

"Kisu kiko wapi?"

"Sijui. Labda kimepotea."

"Vyote?"

Akavua kofia, akaivaa tena. Halafu, taratibu: "Mke wangu, umemeza dawa?"

Nikachukua bakuli nikamwaga vitunguu nje, kwenye mvua. Kabla havijatua chini nilijua kwamba nimempa ushahidi.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kumwona Kidoti. Naandika "kumwona" kwa sababu ndivyo ilivyo, kama mgonjwa au mfungwa, ila safari hii anayetembelewa ndiye mzima.

Mama mkwe ameweka mapazia mapya, mazito, na amekaa katikati yetu. Kidoti ananijibu kama anavyomjibu mwalimu. Shule nzuri. Bibi mzuri. Chakula kizuri. Mpaka akanisimulia jinsi mwalimu wao alivyoteleza kwenye tope na bado akaendelea kusema "kimya!" akiwa chini. Nikacheka. Nikacheka kwa moyo wote, kwa mara ya kwanza tangu nipone. Mama mkwe akaweka kikombe mezani, akanitazama mdomo.

"Umemeza dawa, mwanangu?"

Nikilia naumwa. Nikicheka naumwa. Nikinyamaza ndiyo kabisa, watu wanasogeza viti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hawa wanakisimulia hata godoro lake.

Jumatano, 12 Machi

Mikono inatetemeka. Ni dawa. Leo nimeshindwa kutunga uzi kwenye sindano, mimi, nikarudia na kurudia mpaka machozi ya hasira yakanijaa. Redio akaichukua sindano mkononi mwangu, akaitunga, akanirudishia, huku akiendelea kumsimulia mtu mwingine habari za harusi iliyovunjika. Hakunitazama hata.

Kesho mtaa mzima utajua.

Alhamisi, 13 Machi

Mtaa haujui. Labda anangoja apate na picha.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Kiu ya dawa: nakunywa maji kama mche uliopandwa jana. Sketi haifungi kiunoni, nayo ni dawa. Mpwa wa Bosi amekata mikono ya mashati kinyume na uzi wa kitambaa. Nikamwambia kwa upole. Bosi akamwita pembeni, akamwambia asinibishie.

Asinibishie! Ningetoa jino ili mtu anibishie.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Nilikwenda kwa mama mkwe nikamkuta yuko kwenye simu ndani. Kidoti na mimi tulikuwa bombani uani, tunasugua viatu vyake vya shule. Kwa mara ya kwanza tuko wawili tu. Akasugua, akasugua, kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Mama, mkono umepona?"

"Mkono upi?"

"Wa kamba. Baba alikaza sana. Nilimwambia asikaze."

Nikamuuliza, si baba mkubwa? Akasema, baba mkubwa alishika miguu. Baba ndiye aliyefunga. Akaendelea kusugua kiatu.

Miezi hii yote nimemchukia shemeji. Nimekataa salamu yake. Mume wangu ameketi nami meza moja, amenipaka mafuta kwenye kidonda kile kwa vidole vyake mwenyewe, na amenisikiliza nikimlaani kaka yake.

Nilimkuta uani kwetu, ameinama nyuma ya jokofu la mteja, mvua inapiga bati juu yake.

"Ni wewe uliyenifunga."

Bisibisi ikamwanguka. Hakuuliza nani kaniambia.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Ulipopata fahamu ulikuwa unamlaani kaka. Nikaona... nikaona afadhali iwe hivyo."

"Afadhali kwa nani?"

Ndipo akanieleza, na sikuwa nimeomba kuelezwa. Akasema nilikuwa katikati ya barabara kuu nimemshika Kidoti mkono, nasimamisha malori, nayabariki moja baada ya jingine. Akasema aliniita na mimi nilicheka nikampungia. Akasema lori moja lilipita hapa, akanionyesha kwa viganja, na kati ya viganja hakukuwa na nafasi ya mtoto. Alikuwa ametoka kupeleka jokofu. Mkokoteni ulikuwa na kamba.

"Ile kamba ya kufungia majokofu," nikasema.

"Ndiyo."

"Ukanifunga kama jokofu."

Akakaa chini kwenye maji, akalia. Sikumbuki barabara ile. Namwamini, na nimeitetemekea kuliko dawa inavyonitetemesha: mkono wa mwanangu katika mkono wangu, na lori. Nitabeba hilo. Lakini nilipokuwa nimeshatolewa barabarani, nimelazwa chini, mtoto yuko salama kwa bibi yake, kwa nini ilikazwa? Kwa nini nilifika hospitali na mikono ya bluu? Yote mawili ni kweli, naye anataka la kwanza lifute la pili.

Alipomaliza kulia akajifuta uso, akanitazama nilivyosimama. Nikamwambia, "Thubutu uniulize kama nimemeza."

Hakuthubutu.

Jumatatu, 24 Machi

Leo sijameza.

Jumanne, 25 Machi

Leo pia. Wanavyouliza wote, hakuna aliyegundua. Wanauliza tu kama watu wanavyouliza "habari za nyumbani."

Jumatano, 2 Aprili

Mikono imetulia! Nimetunga uzi mara moja. Redio kaona, kanyamaza. Ajabu.

Jumanne, 8 Aprili

Niliamka kabla ya ndege, nikasugua kuta za jikoni mpaka rangi ikatoka. Sijachoka. Mvua inanyesha vizuri, inanyesha kwa mdundo. Kumbe dawa ndiyo iliyonifunika kama blanketi lililolowa, na mimi nikadhani ni maisha.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia Bosi ukweli mbele ya wateja. Nimemwambia karakana hii ilikuwa mimi, sare zote za mji huu zimepita kwenye kidole gumba hiki, na yeye bila mimi ni mtu mwenye meza. Wateja walicheka. Nitafungua karakana yangu mwenyewe, kubwa, nimeshaona na jengo, nimeshaongea na mwenye jengo, ingawa hakuwepo, niliongea na mlinzi, mtu mwerevu sana, tumeelewana.

Jumapili, 13 Aprili

Yote yanaingiana sasa, mvua ni uzi na mji ni kitambaa na mtu anayejua kukata anaweza kuushona upya wote, watoto wote sare moja hakuna wa kucheka mwenzake, nimemweleza Kidoti na amesikiliza amekodoa macho, mama mkwe anasema niongee polepole lakini polepole ni kwa watu wenye mambo machache, mume wangu ananifuata vyumbani na sahani ya chakula, nimekula jana au juzi, chakula ni cha watu waliochoka na mimi sijachoka sijachoka kalamu ndiyo imechoka

Jumanne, 15 Aprili

Mwandiko huu ni wa mtu aliyechomwa sindano ya usingizi. Nitaandika ninayoyakumbuka.

Jana wakati wa chakula Redio alinifuata nyuma ya karakana, chini ya upenu wa bati. Nilikuwa namweleza habari za jengo. Akanisikiliza, jambo ambalo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi.

"Mimi naongea, nakubali," akasema. "Lakini shoga, siku hizi umenishinda. Umelala lini?"

"Na wewe! Wamekutuma. Sema umekuja kuniuliza dawa."

"Dawa sijaiuliza. Nimeuliza usingizi."

Nilitafuta usiku niliolala, sikuupata.

Akasema alikuwa na kaka. Sijawahi kusikia, na huyu ni mtu ninayejua mpaka majina ya kuku wa jirani yake. Akasema kaka yake alikuwa hivihivi, anang'aa, anacheka, anagawa vitu. Nyumbani waliona aibu, wakamfungia chumba cha nyuma, wageni wakija wanaambiwa amesafiri. Siku moja alitoka kwa dirisha na hawakumpata akiwa hai.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," akasema. "Sisi kilituumbua. Ndiyo maana naongea hivi. Kule nyumbani kulikuwa na kimya kingi mno." Akavaa viatu vyake vya mvua. "Twende kliniki. Sasa hivi, kwa miguu yetu, kabla hajatokea mtu wa kufikiria kamba."

Nikamtukana. Nikamwambia ana wivu. Nikamwambia yeye ni redio ya betri mbovu, na mengine ambayo sitayaandika kwa sababu mwanangu anajifunza kusoma.

Akafungua mwavuli. "Sawa. Nitukane njiani."

Nilimtukana njia nzima. Kila nikivuta pumzi anasema, "Endelea, nakusikia," na ananirudisha upande wa ndani wa barabara. Magari yalitumwagia maji. Watu walitutazama. Yeye alikuwa ameshika mwavuli juu yangu, si juu yake, na alipofika kliniki maji yalikuwa yanamchuruzika kisogoni.

Muuguzi hakunigombeza. Alisema, "Umekuja na miguu yako," akanipa kiti.

Nikamwambia nimeacha dawa zenu kwa sababu zilinichukulia mikono, na mimi bila mikono ni nani? Akaniuliza kwa nini sikumwambia mikono inatetemeka. Nikasema ungeniuliza kama nimemeza. Akacheka, akaomba radhi kwa kucheka. Akasema kutetemeka ni jambo la kawaida na daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa, ndiyo kazi yao, ila hawawezi kutibu wasichoambiwa.

"Ukiikasirikia dawa, njoo uikasirikie hapa," akasema. "Usiikasirikie peke yako nyumbani."

Jumamosi, 19 Aprili

Kulala.

Jumatano, 23 Aprili

Aibu. Nimekumbuka mlinzi wa lile jengo. Nimekumbuka wateja wakicheka. Mvua haikati na nguo hazikauki. Nyumba nzima inanuka shuka mbichi. Mume wangu hajaenda kazini wiki hii. Anakaa ukumbini anafungua redio mbovu na kuifunga tena. Haniulizi kitu.

Jumatatu, 28 Aprili

Kliniki. Dawa mpya, tetemeko limepungua, halijaisha. Nilimuuliza muuguzi swali ambalo limenikaa kooni tangu Machi: nitajuaje kama hii ni hasira au ni ugonjwa?

Alifikiri kwanza, nikampenda kwa hilo. Akasema hasira kwa kawaida ina mtu na ina sababu, na ukiisha kulala asubuhi unaikuta palepale ulipoiacha. Ugonjwa haujali nani yuko mbele yako, na unakula usingizi. "Lakini vinaweza kuja pamoja," akasema. "Kuumwa hakukuondolei haki ya kukasirika. Wewe chunga usingizi."

Nimelala usiku mzima. Nimeamka, nikaikuta palepale.

Ijumaa, 2 Mei

Visu vimerudi kwenye droo. Nilikata kitunguu, machozi yakanitoka, akapita na ndoo ya maji, akaniona, akaendelea na safari yake.

Bado sijamsamehe. Lakini nilimkatia na nyanya.

Jumatatu, 5 Mei

Nilimwomba Bosi radhi kwa yale ya mbele ya wateja. Nikamwambia maneno nayafuta, ila swali nalirudia: mkasi wangu uko wapi?

"Mama, sitaki kukudanganya. Naogopa."

"Unaogopa nini? Taja."

Akajikuna. "Kwamba utajikata. Au utatukata sisi."

Hatimaye mtu kasema! Nikamwambia, nilipokuwa mgonjwa kuliko siku zote za maisha yangu nilikuwa na mkasi mkononi mchana kutwa, na nilichokata ni mapazia. Redio akaangua kicheko, Bosi naye kikamponyoka. Mkasi hakunipa. Amenipa chaki: mimi nachora, mpwa wake anakata. Ni nusu ya kazi yangu. Nimeichukua, na nimemwambia ni nusu.

Jumatano, 7 Mei

Mama mkwe amepiga simu. Muhula ujao Kidoti atahamishiwa shule ya kule kwake. Ameshaongea na mwalimu mkuu. Anatuarifu.

Anatuarifu!

Nimetembea uani mpaka nilipochoka. Nimekula. Nimelala.

Alhamisi, 8 Mei

Palepale.

Jumamosi, 10 Mei

Kikao kilikaa sebuleni kwa mama mkwe: yeye, shemeji, mume wangu, mimi. Kidoti aliambiwa akacheze chumbani, na wote tulijua yuko nyuma ya mlango.

Mama mkwe alianza kwa upole, na upole wake ndio unaochoma. Akasema hakuna anayenichukia. Akasema mtoto anahitaji utulivu. Akasema mwezi uliopita nilianza tena, aliona mwenyewe na habari nyingine zimefika.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Niliacha dawa. Nikaanza kuumwa. Halafu nikaenda kliniki kwa miguu yangu, na hakuna aliyenishika. Hizo habari nazo zimefika?"

"Unaona sauti yako? Hasira kama hizi ndizo zinazotutisha. Hasira hasara, mwanangu. Umemeza—"

"Nimemeza." Nikasimama. Shemeji akasogeza kiti nyuma. "Nimemeza, nimelala, nimekula, na nimekasirika. Mmemhamisha mwanangu shule bila kuniuliza. Nioneshe mama mmoja mwenye akili timamu ambaye asingekasirika, nami nitakaa chini."

Hakunionesha mtu. Nikakaa mwenyewe.

Nikawaambia ninachotaka. Usingizi ukinihama, mume wangu aniambie usoni, asinifuate na sahani. Redio atanipeleka kliniki. Kidoti atakuja hapa kwa bibi yake mpaka nitulie, na nitashukuru kwa hilo, nashukuru hata sasa. Nikitulia anarudi nyumbani kwetu, bila kikao. "Na kamba hapana. Sitaki kuiona hata ya kuanikia nguo."

"Kaka yako alifanya kwa wema," mama mkwe akamwambia mume wangu. "Mwambie mkeo. Kaka yako alikuwa anaokoa."

Mume wangu alikuwa anatazama mikono yake. "Si kaka, mama. Mimi ndiye niliyefunga. Na nilikaza kwa sababu nilikuwa nimeogopa na nimeona aibu, watu wanatazama. Kaka alisema nilegeze, sikulegeza." Akamgeukia shemeji. "Nisamehe, nilikuacha ubebe lawama."

Shemeji akasema tu, "Nilijua utasema siku moja." Nami nikamsalimia, salamu ya miezi mingi, na ilitoka na kutu.

Mume wangu akainuka. "Kidoti! Leta begi lako."

Mlango ukafunguka papo hapo.

Hapo ndipo mama mkwe alipolia. Sijawahi kumwona akilia. Akasema yeye alikuwa upande wa pili wa barabara siku ile. Alikuwa anatoka sokoni. "Nilimwona mjukuu wangu katikati ya malori. Kila nikifumba macho namwona. Nani atanitoa picha hiyo?"

Nilikuwa na maneno mengi niliyomwekea, na hayo ya kwake hayakuwemo kwenye hesabu yangu. Kumbe naye kila "umemeza dawa" alikuwa anaangalia malori.

"Hakuna, mama," nikamwambia. "Na mimi ninayo ya kwangu, na hakuna wa kunitoa."

Hakutubariki. Alisema likitokea jambo tusimlilie. Lakini alitufuata mpaka barazani, akamfunga Kidoti vifungo vya koti mpaka cha shingoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu, 12 Mei

Asubuhi nilimpeleka Kidoti shule, jioni nilirudi kutoka karakana nikakuta ameshafika na baba yake, sare imelowa chapachapa na imetupwa juu ya kitanda nilichokitandika.

"Nani kaweka hii hapa?" Sauti ilinitoka kubwa.

Akasimama wima pembeni ya ukuta. Akanitazama kwa makini, macho, mikono, kisha macho tena.

"Mama, umekasirika au unaumwa?"

Tangu mvua zianze hakuna mtu aliyeniuliza hivyo. Nilishusha pumzi.

"Nimekasirika. Sare mbichi haikai kitandani."

"Aa." Mabega yakamshuka. Akachukua sare, akaenda kuitundika, akarudi. Akasimama mlangoni anazungusha kidole kwenye kitasa.

"Hata mimi nimekasirika."

"Umekasirikia nini?"

"Wewe. Ulichelewa kuja kunichukua kwa bibi."

Majibu nilikuwa nayo. Bibi, baba, daktari, kikao. Yalinifika mdomoni yamejipanga, na nikayaona yalivyo, jinsi kila moja lilivyokuwa njia ya kumwambia mtoto asihisi anachohisi.

"Ni kweli," nikasema. "Nilichelewa."

Akasubiri aone kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Basi akavuta kigoda, akanipa mgongo, akakunja mikono, na mimi nikamwacha akasirike. Alikasirika mpaka maharage yakaiva. Kisha akaja kula, bado amenuna, akakaa karibu nami kabisa, kiwiko chake kwenye mbavu zangu.